Nyumba Iliyopakwa Rangi Mpya

Mwezi huu twataka kunena habari ya kununua nyumba. Huenda mtu akasema, "Neno hili ni la madalali na mawakili, si la wachungaji." Walakini twaona ya kuwa mahali zinapopita fedha nyingi kati ya mtu na ndugu yake, Amri ya Saba haiko mbali, na palipo na amri hiyo kazi yetu ipo.

Katika miji yetu, kama Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, iko biashara ya namna hii. Mtu mwenye mtaji hununua nyumba iliyochakaa kwa bei ndogo, labda ya warithi wanaotaka kugawana upesi, au ya mtu aliyelemewa na deni. Huitengeneza kwa miezi miwili mitatu: hupigilia bati jipya, hutia dari, hubandika vigae sakafuni, hupaka rangi, kisha huiuza kwa faida. Biashara hii si dhambi. Aliyeinua nyumba iliyokuwa karibu kuwa gofu amefanya kazi njema, na ni haki apate faida ya kazi yake. Lakini biashara hii ina hatari yake yenyewe, nayo ni hii: muuzaji ameiona nyumba ikiwa uchi, kabla ya plasta na rangi, mnunuzi huiona imekwisha kuvikwa. Mmoja ajua, wa pili hajui. Na yule anunuaye nyumba kwa mara ya kwanza maishani mwake hajui hata la kuuliza.

Haya hatuyaneni kwa kusikia tu. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika mji mmoja wa pwani, alitujia mwalimu wa shule pamoja na mkewe, watu wa usharika wetu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa miaka 13, wakaweka akiba kidogo kidogo, tena wakakopa katika chama chao cha akiba na mikopo. Nyumba waliyoitaka ilikuwa ya mzee mmoja wa usharika ule ule, mfanya biashara hii tuliyoitaja. Mwalimu akatuambia, "Baba Mchungaji, yuko fundi anayenishauri nimlipe aikague nyumba kabla sijatoa fedha. Nami naona haya. Mzee huyu huketi mbele yangu kanisani kila Jumapili. Nikimpelekea fundi, si nitakuwa nimemwambia kwamba ni mwongo?"

Tukamjibu upesi, bila kufikiri: "Mwalimu, moyo wa ndugu hukaguliwa na Mungu. Wewe mwamini ndugu yako." Neno lile lilitupendeza sisi wenyewe tulipokuwa tukilisema. Basi akanunua. Baada ya majuma matatu tukaenda kuibariki nyumba, rangi ingali inanuka. Tukaimba, tukaomba, tukanywa chai, tukarudi.

Masika ilipokuja, unyevu ulipanda ukutani toka chini. Rangi ikavimba na kubanduka, na nyuma yake ikaonekana chumvi nyeupe. Usiku mmoja dari ya chumba cha watoto ikaanguka, nao kwa rehema ya Mungu walikuwa wamelala kwa nyanya yao. Hapo ikajulikana ya kuwa mbao za paa zilikwisha kuliwa na mchwa zamani, na lile bati jipya lilipigiliwa juu ya mbao zile zile. Mzee alipoulizwa, akasema, "Mimi sikusema uongo hata neno moja. Waliniuliza bei, nikawatajia bei. Habari za mbao hawakuniuliza." Na hilo lilikuwa kweli. Hawakuuliza, maana sisi tuliwazuia.

Tangu siku ile maswali mawili hayakutuacha. La kwanza: Je, muuzaji ajuaye kasoro akanyamaza, amemwibia mwenzake? La pili: Je, mnunuzi aulizaye na kukagua amemvunjia ndugu yake heshima?

Swali la kwanza ni la kale sana. Cicero, Mrumi, alipomwandikia mwanawe kitabu cha mambo yampasayo mtu, katika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, alilieleza kwa mfano wa nyumba. Mtu auza nyumba yenye kasoro azijuazo yeye peke yake: watu huiona kuwa ya afya, kumbe ni ya kuleta maradhi, nyoka hutokea vyumbani, mbao zake ni mbovu. Hakuwaambia wanunuzi. Je, ametenda haki? Cicero asimulia jinsi wenye hekima wawili walivyoshindana. Diogene wa Babeli alimtetea muuzaji: hakumshurutisha mtu kununua; yeye aliuza kisichompendeza, na mwenzake akanunua kilichompendeza. Antipatro wa Tarso, mwanafunzi wake, akasema sivyo: kumwacha mnunuzi aanguke ukimtazama ni sawa na kumnyima njia aliyepotea, tena ni vibaya kupita hayo, maana wampoteza kwa kujua.

Neno la Diogene lina nguvu yake, wala tusilidharau. Muuzaji hakupaswa kusema yote. Hakupaswa kumwambia mnunuzi kwamba mtaa wa pili iko nyumba ya bei nafuu. Hayo mnunuzi aweza kuyatafuta kwa miguu yake. Basi mpaka uko wapi? Twaona uko hapa: jambo lililo ndani ya kitu chenyewe, lisiloonekana kwa macho ya mnunuzi, ambalo kama angalilijua asingalinunua, au asingalinunua kwa bei ile, hilo ni deni la muuzaji kulisema. Na mtu akitaka kujipima moyo, na ajiulize hivi: Je, liko jambo ambalo nafurahi kwamba hakuniuliza? Likiwapo, ndilo linalompasa kulisema.

Maana faida ni za namna mbili. Iko faida ya kazi: ulinunua gofu, ukatoa jasho na fedha, ukauza nyumba. Faida hii haiogopi kuulizwa. Tena iko faida itokayo katika kutojua kwa mwenzako. Nayo siku mwenzako anapojua hutoweka. Faida ya namna hii si ujira. Katekisimu yetu ndogo, ielezapo Amri ya Saba, haitaji mkono uvunjao mlango peke yake. Yataja pia bidhaa mbovu na ujanja wa biashara. Basi mzee wetu hakusema uongo kwa kinywa. Lakini rangi ile ilinena kwa ajili yake.

Cicero asimulia na hukumu moja ya Roma ambayo yatupasa kuisikia. Claudio Centumalo alikuwa na nyumba ndefu mlimani Caelius. Makuhani waliotazama ishara za ndege walimwamuru abomoe sehemu iliyowazuilia macho. Yeye akanyamaza, akaiuza. Mnunuzi, Calpurnio Lanario, akapewa amri ile ile, akabomoa. Halafu akagundua ya kuwa muuzaji alikwisha kuamriwa kabla ya kuuza. Mwamuzi, Marko Kato, akahukumu kwamba kwa kuwa muuzaji alijua wala hakusema, imempasa kulipa hasara.

Msidhani ya kuwa hayo ni ya Roma tu. Katika Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 serikali ikaanza kubomoa nyumba za bonde la Msimbazi, na nyumba nyingi zikatiwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mwaka 2017 zikabomolewa nyumba nyingi za Kimara na kuendelea, kando ya Barabara ya Morogoro. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga kitu cha kudumu ndani ya meta 60 toka mto au ufuo wa bahari. Sasa fikirini: alama ya X ni rangi tu, na rangi hufunikwa kwa rangi. Mtu akiifunika na kuuza, ametofautianaje na Centumalo?

Sasa twalijia swali la pili, ambalo ndilo lililotukwaza sisi. Wakristo wengi huona haya kukagua. Hudhani ya kuwa kuuliza hati ni kumshtaki ndugu. Lakini tazameni watu wa Mungu walivyofanya. Ibrahimu alipotaka shamba la Makpela, Efroni alimwambia maneno matamu, kana kwamba shekeli 400 si kitu kati yao. Ibrahimu hakujibu utamu kwa utamu. Alipima fedha mbele ya watu langoni mwa mji, na shamba, na pango, na miti yote iliyomo mpakani ikatajwa. Naye Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, muuzaji alikuwa mwana wa ami yake, damu yake mwenyewe. Je, alisema, Huyu ni ndugu, karatasi za nini? La. Aliandika hati, akaita mashahidi, akatia muhuri, akamwagiza Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Tena katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, iko sheria ya nyumba iliyoingiwa na pigo ukutani. Kuhani hutazama kama madoa yameingia ndani kuliko uso wa ukuta. Mawe mabaya hutolewa, kuta hukwanguliwa, nyumba hupakwa udongo mpya. Je, kuhani huitangaza kuwa safi kwa sababu imepakwa upya? Hasha. Hurudi baada ya kupakwa, akatazama tena. Na pigo likiwa limerudi, nyumba hubomolewa. Sheria ile ya kale haikuuamini udongo mpya. Nasi tuliibariki nyumba ya mwalimu bila kuinua macho darini.

Basi kukagua si kumhukumu ndugu. Mwenye kukagua humwondolea ndugu yake jaribu, maana ajuaye kwamba fundi atapanda darini hatashawishiwa kuficha mbao. Tena baba wa nyumba hachezi na fedha yake peke yake. Akiba ile ni chakula na ada ya watoto wake. Haya yake isiwe deni la watoto. Wazee walisema, kuuliza si ujinga.

Sasa tuseme yapasayo kutendwa, kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ardhi, maana nyumba mbovu hutengenezeka, bali nyumba isiyo na haki ya ardhi haina dawa. Itazame hati yenyewe, si kivuli chake. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hesabu imebaki mingapi. Peleka namba yake kwa Msajili wa Hati, ukaombe upekuzi rasmi, upate kujua jina la mwenyewe, tena kama iko rehani ya benki au zuio. Hapa anunuaye kwa wafanya biashara hii na aangalie sana: mara nyingi muuzaji hakuihamisha hati kwa jina lake, kwa kuwa alitaka kuuza upesi, nayo ingali na jina la mwenye nyumba wa kwanza, labda marehemu. Ikiwa ni ya marehemu, uliza kama aliyeiuza alikuwa msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama. Uliza na habari ya ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, ridhaa hiyo iandikwe. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, nenda na kwa majirani, bila dalali. Waulize mpaka u wapi, ugomvi upo, maji hupita wapi wakati wa mvua, na kama ukutani palikuwa na alama. Jirani hana faida katika kuuza.

Fungu la pili ni nyumba yenyewe. Chukua fundi wako, si wa muuzaji wala wa dalali, umlipe wewe. Apande darini na taa, achome mbao kwa kisu aone kama ni nzima. Agonge vigae na plasta: palipo na mlio mtupu pameachana. Atazame nyufa za kupinda pembeni mwa madirisha, hasa penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi. Ukuta mmoja uliopakwa rangi upya peke yake, au sehemu ya chini tu, na akuulize moyo: kwa nini huu? Pwani, atazame nguzo kama zege limepasuka, maana mchanga wenye chumvi hula nondo ndani kwa ndani. Afungue mabomba yote pamoja, amwage maji chooni, afunue shimo la maji machafu. Fundi umeme na afungue swichi mpya aone kama nyaya zake ni kuukuu. Vyumba vilivyoongezwa, uliza kibali cha ujenzi. Ikiwezekana, rudi siku ya mvua kubwa. Mvua ni mkaguzi asiyehongwa. Mwisho mwambie muuzaji, kwa adabu, akuonyeshe picha za nyumba kabla ya matengenezo, na stakabadhi za vifaa, na jina la fundi wake. Aliyefanya kazi njema hupenda kuionyesha.

Fungu la tatu ni fedha. Ukiambiwa, "Yuko mtu mwingine anakuja kesho asubuhi na fedha taslimu," jibu, "Na aje." Afadhali kupoteza nyumba kuliko kupoteza akiba. Uliza muuzaji aliinunua lini, ukaulize na bei za nyumba za jirani. Huko Marekani, ambako biashara hii ni kubwa, shirika la serikali lidhaminilo mikopo ya nyumba, FHA, lina kanuni ya kwamba, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, halidhamini mkopo wa nyumba ambayo muuzaji ameimiliki kwa siku 90 au pungufu. Na ikiuzwa kati ya siku 91 na 180 kwa bei iliyopanda mara mbili au zaidi, hutaka mthamini wa pili. Vivyo hivyo sheria yao ya mwaka 1992 yamlazimu auzaye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 kuyasema ayajuayo juu ya rangi yenye risasi, na kumpa mnunuzi siku 10 za kukagua. Kanuni zile zimetungwa kwa sababu watu waliumia. Wewe mwenyewe jiwekee kanuni. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na ndani yake muuzaji ataje kasoro azijuazo, au atamke kwamba hazijui. Fedha zipite benki, ziende kwa mwenye haki ya kuuza, wala si mikononi mwa dalali. Sehemu ya bei izuiwe kwa mapatano mpaka hati ihamishwe. Wala usitoe akiba yote. Weka kidogo cha kutengenezea, maana hakuna nyumba isiyotaka kitu mwaka wa kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi ndugu mfanyao biashara hii, hatuwachukii. Twawaomba neno moja tu: semeni kabla hamjaulizwa. Mkisema, "Mbao hizi ni za zamani, bei nimeipunguza kwa ajili hiyo," mtauza kwa faida ndogo zaidi, nanyi mtalala. Walimu, mkisikia mtu wa usharika anunua nyumba, msimwambie neno kama letu. Mwulizeni, "Fundi amekwisha kuiona?"

Labda mtauliza mambo yalikwishaje. Tulikwenda kwa mzee pamoja na wazee wawili wa usharika. Alikataa mara mbili; mara ya tatu alilipa mbao za paa, lakini si zaidi, na hata leo hawasalimiani sana na mwalimu. Kuta zingali zina chumvi. Deni la chama lilimalizika miaka miwili baada ya wakati wake, na binti mkubwa alikaa nyumbani mwaka mmoja bila shule kwa sababu hiyo. Haya yote yangalizuiwa kwa ujira wa fundi wa siku moja.

Nasi tulikwenda kwa mwalimu na mkewe kuomba radhi. Mwalimu alinyamaza, akatupa mkono. Mkewe akasema, "Baba Mchungaji, siku ile angalitangulia fundi na ngazi yake, nasi tungaliimba baadaye." Hatukuwa na la kujibu. Tangu siku ile, mtu akituita kuibariki nyumba aliyoinunua, twamwuliza kwanza habari ya ngazi.